Nakala Yenye Muhuri Mweusi

Nilimvunjia mtu heshima kwa kipande cha karatasi ambacho sikukiweka mahali pake. Kipande chenyewe hakikuzidi upana wa vidole viwili. Mtu huyo alikuwa mfugaji wa Kiritiri, mtunza beberu wa chama chetu cha mbuzi, na rafiki yangu. Nilipoulizwa mbele ya watu, nilijibu kwa sentensi ambayo hakuna neno lake hata moja lililokuwa la uongo, nayo yote ilikuwa uongo. Sasa nimezeeka, na sina tena kazi ya kuogopa kupoteza.

Kwetu ni Githongo, mahali pa kahawa. Nilipokuwa mdogo mbuzi alikuwa mnyama wa kufungwa kwenye mgomba nyuma ya jiko, akila maganda ya ndizi mpaka sikukuu imfikie. Nilimaliza kidato cha nne, nikapima kahawa kiwandani miaka mingi, na bei ilipoharibika nikatafuta kazi nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikapata ya ukarani mjini Embu, katika chama cha wafugaji wa mbuzi wa gredi, waliochanganywa na mbegu ya kizungu. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la dawa za mifugo. Nyumbani walinicheka. "Umesoma mpaka kidato cha nne ukaandike habari za mbuzi?" Mama yangu aliuliza kama nitawaandika kwa majina.

Hatukuwaandika kwa majina, tuliwaandika kwa namba. Chama kilikuwa na mabeberu wa gredi waliotawanywa kwenye vituo, kuanzia kwetu Meru hadi nyanda kavu za Mbeere. Kila kituo kilikuwa na beberu mmoja na mtu wa kumtunza, na wanachama wa pale walimpelekea mbuzi wao majike. Beberu hakukaa kituo kimoja zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Baada ya hapo binti zake wangekuwa wamekua, na ilibidi ahamishwe asije akawapanda. Ndiyo sababu kukawa na kadi. Kadi ya kila mbuzi ilionyesha namba yake, ya baba, ya mama, na ya baba wa mama. Kadi zote za asili zilikaa kwenye kabati moja la chuma ofisini kwetu. Katibu wa kituo chochote aliruhusiwa kuja kusoma, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuondoka na kadi. Aliyetaka kadi alipewa nakala, na mwenye kutoa nakala alikuwa mimi.

Chini ya kadi ya beberu, upande wa kulia, kulikuwa na kisanduku cha ukubwa wa kiberiti. Kikiwa wazi, maana yake beberu bado anasubiri kuchunguzwa. Kikiwa na alama nyekundu ya mkasi, amekataliwa. Kikiwa na muhuri wa wino wa zambarau, IMEIDHINISHWA, anaweza kufanya kazi. Kila kamati ya kituo ilikuwa na muhuri wake, yote ikifanana, bila jina la kituo. Huo ulikuwa upungufu, lakini wakati ule hakuna aliyeuona.

Msimamizi wetu alikuwa mwanamke mwembamba wa Embu aliyevaa miwani iliyofungwa kwa kamba ya viatu. Wiki yangu ya kwanza aliniketisha mbele ya kabati, akachomoa kadi moja.

"Karani, ukinakili kadi ya beberu anayehama, unanakili vitu vyote isipokuwa nini?"

Nikasema sijui.

"Isipokuwa kisanduku. Huyu aliidhinishwa Githongo. Huko anakokwenda hajaidhinishwa na mtu. Nakala inatoka hapa kisanduku kikiwa wazi, wao watalinganisha namba yake na za majike yao, kisha watapiga muhuri wao. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Usiseme umeelewa. Sema utafanya."

Nikasema nitafanya. Na kwa zaidi ya miaka miwili nilifanya. Niliandika kila nakala kwa mkono kwenye kadi mpya, na kisanduku nikakiacha kitupu.

Yule mtunza beberu wa Kiritiri, huko Mbeere, nilimjua kwa sababu alikuja ofisini mara nyingi kuliko watu wote. Alikuwa mrefu, amevaa koti la kijivu hata katika joto la kwao, na mfukoni mwake hamkukosa ndengu za kukaanga. Mke wake alikuwa amefariki, watoto wake wakubwa. Alipenda kusoma kadi jinsi wengine wanavyopenda kusoma gazeti. Aliniita "Mmeru wangu". Nilipokwenda kwake kukagua alinipa uji wa mtama na asali, akanionyesha banda la beberu, lililokuwa safi kuliko chumba changu cha kupanga.

"Mmeru wangu, kwenu mna mvua na majani, lakini mbuzi wenu wananuka kwato," aliniambia. "Njoo uone kwato za watu maskini."

Kweli, kwato za beberu wake ungeweza kuzilia chakula.

Mwaka ule wa kosa langu, kadi tupu zilikwisha na nyingine zilikuwa hazijachapwa. Wakati huohuo tukaambiwa viongozi wa chama watatembelea ofisi Ijumaa, na mabeberu karibu wote walikuwa wanangoja kuhamishwa. Msimamizi alikuwa na safari ya Maua, ambako kituo kilivunjika kwa sababu wanachama waliona afadhali miraa, mmea wa kutafunwa, usio na kwato wala minyoo. Kabla ya kuondoka alikata kipande cha karatasi nyeupe, akanipa.

"Kapige fotokopi pale dukani kwa mwenye mashine. Kila kadi, weka hiki juu ya kisanduku kwanza. Muhuri usitoke."

Nilikwenda dukani Jumatano asubuhi. Mashine ilikuwa moja, na nyuma yangu palikuwa na foleni ya watu wenye vyeti vya shule na vitambulisho. Kadi tano au sita za kwanza nilifanya kama nilivyoagizwa. Lakini kila kifuniko kilipofunguliwa kipande kilipeperuka. Mara kinanata kwenye kioo, mara kinaanguka chini, na mimi nainama kukitafuta kati ya miguu ya watu.

"Karani wa mbuzi," mwenye mashine akasema, "unazipiga picha au unazivisha nguo?"

Foleni ikacheka. Mama mmoja akasema, "Anazifunika aibu." Wakacheka zaidi.

Ningependa kuandika kwamba kipande kilipotea. Hakikupotea. Nilikitia mfukoni. Nikampa mwenye mashine kadi zilizobaki, nikamwambia azipige tu. Nilitaka kicheko kiishe, na nilitaka msimamizi akirudi akute kazi imekwisha na anisifu mbele ya viongozi. Nilipozipanga bahasha jioni ile niliona mihuri imetoka, myeusi kama masizi, imekaa wazi kwenye kila kisanduku. Nikajiambia kwamba mtu yeyote atajua ni fotokopi. Nikajiambia kamati zitalinganisha namba hata hivyo. Kwa kweli nilikuwa nimechoka.

Ijumaa nilisifiwa.

Beberu wa kwanza kuhama alikuwa namba arobaini na saba, mweupe, mwenye pembe zilizopinda nyuma, kutoka Githongo kwenda Kiritiri. Nakala yake ilisafiri naye ndani ya bahasha. Sikukumbuka, wala sikutafuta kwenye kabati kuona, kwamba mwaka uliotangulia chama kilikuwa kimechukua mitamba kadhaa kutoka Githongo kikawapa wanachama wa Kiritiri, na wengi wao walikwenda kwa rafiki yangu. Walikuwa mabinti wa arobaini na saba. Walihamishwa wangali wadogo, na pale hakuna aliyemjua baba yao kwa sura. Aliyeweza kumjua ni yule ambaye angefungua kadi zao na kulinganisha. Lakini nani alinganishe, na beberu amefika na idhini yake?

Miezi mitano baadaye watoto wakazaliwa. Karibu wote walikuwa wazuri, weupe, warefu. Mmoja alizaliwa taya la chini fupi, hawezi kunyonya, na rafiki yangu akamlisha kwa chupa siku tisa mpaka akafa. Aliniuliza ni nini.

"Ni mambo ya kuzaliwa," nikamjibu. "Hata watu huzaliwa hivyo."

Nilikuwa nimekwenda kwake siku hiyo kuwaandikia wale watoto kadi. Niliandika namba ya baba nikitazama kadi ya beberu, na namba ya baba wa mama nikitazama kadi za mama zao. Mkono wangu uliandika arobaini na saba, kisha chini kidogo ukaandika arobaini na saba tena, kadi baada ya kadi, na macho yangu hayakuona kitu. Nilikuwa nakunywa uji.

Mwana wake wa kwanza alikuwa amepata mchumba kutoka huko juu Embu, kwenye majani chai. Rafiki yangu alikuwa na neno lililomchoma tangu ujana wake. "Watu wa juu wanatuona sisi watu wa makaa na mchanga," aliniambia. "Wakisikia mkwe anatoka Mbeere wanauliza kama atakuja na gunia la makaa. Safari hii nitawapelekea mbuzi ambao hata wao hawana." Akatenga mitamba minne na beberu mdogo mmoja, wote wa uzao ule mweupe. Akaniomba niende naye, nibebe kadi zao. "Wewe ndiwe shahidi wangu. Wakiuliza ni mbuzi gani, nitasema: Mmeru, toa."

Tulifika saa nne asubuhi, watu wapatao kumi, na mbuzi wameoshwa mpaka wanang'aa. Tulipokewa langoni kwa nyimbo. Mzee wa mji, baba wa msichana, alitoka na ndugu zake. Mjomba wa msichana alikuwa mwanachama wa chama chetu katika kituo kingine. Aliwazunguka wale mbuzi, akawapapasa migongo.

"Hawa ni wa chama?"

"Wa chama," rafiki yangu akasema.

"Basi wana kadi."

"Nilijua utauliza, mkwe. Mmeru, toa."

Nikazitoa kwenye mkoba, na nakiri nilizitoa kwa mbwembwe. Mjomba akavaa miwani. Akasoma ya kwanza kwa sauti ili watu wote wasikie. "Baba, arobaini na saba. Mama, mia na kumi na mbili. Baba wa mama..." Akachukua ya pili, akaisoma kimya. Kisha akanigeukia.

"Karani, haya macho yangu yamezeeka. Nisomee hapa."

"Arobaini na saba," nikasema.

"Na hapa juu?"

Sasa macho yangu yaliona. "Arobaini na saba."

"Mna mabeberu wawili wenye namba moja?"

"Hapana."

Shangazi mmoja wa msichana, aliyekuwa amesimama na kibuyu cha uji, akauliza kwa sauti ya kuimba, "Sasa huyu mtoto akimwona huyo beberu njiani, atamwamkia baba au babu?" Wanawake wakaangua kicheko. Wanaume wa upande wetu hawakucheka.

Rafiki yangu akasema, bado kwa utulivu, "Wazee, mbuzi ni mbuzi. Hata wenu humo zizini hamjui nani amezaa na nani."

"Ni kweli, hatujui," baba wa msichana akajibu. "Mbuzi wa zizini hana faili. Na lisilojulikana si mugiro." Mugiro kwetu ni mwiko, uchafu unaoweza kumwandama mtu mpaka kwa wajukuu. "Lakini hili limeandikwa. Umeniletea mahari ya binti yangu, na karatasi ya kuthibitisha kwamba ni mugiro. Nitawaambia nini wazee wenzangu? Kwamba sikujua kusoma?"

Hawakututukana. Walitupa uji, tukanywa tumesimama. Kisha tukawarudisha mbuzi kwa njia ileile tuliyokuja nayo tukiimba. Mwana wa rafiki yangu alitangulia mbele akimvuta yule beberu mdogo, hakugeuka hata mara moja. Rafiki yangu alitembea karibu nami. Nilimngoja aseme kitu. Alisema tu, "Hawa hawajala tangu asubuhi," akasimama ili mbuzi wale majani ya kando ya njia.

Siku iliyofuata niliingia ofisini mapema kabla ya msimamizi. Nilifungua bahasha za mabeberu ambao hawakuwa wamehama bado, nikatoa nakala zote zenye muhuri mweusi, nikazichana, nikazichoma nyuma ya choo. Kadi tupu zilikuwa zimeshafika. Niliandika nakala upya kwa mkono, visanduku vikiwa wazi. Msimamizi alipopata habari aliniita.

"Jumatano ile, kipande ulikitumia?"

"Nilikitumia, Mama."

"Kwenye kadi zote?"

"Zote."

Mabeberu wengine waliokwisha kuhama walikuwa na zile nakala za kwanza nilizozifunika, kwa hiyo duniani ikabaki nakala moja tu ya namna ile, nayo ilikuwa Kiritiri.

Mkutano wa kituo ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa pale sokoni Kiritiri, siku ya Jumamosi, watu wamejaa mpaka madirishani. Nilitumwa kuwakilisha ofisi. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mnene, muuza ndengu, mwenye sauti ya kufukuza kuku.

"Mzee," alimwambia rafiki yangu, "beberu alifika kwako. Kamati haikuitwa. Wewe ukamwachilia kwa majike. Kwa nini?"

"Kadi ilikuja na muhuri."

"Muhuri wa nani? Wetu unakaa kwenye mkoba wangu, na mimi sikuupiga."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mkoba unakaa jikoni, na mzee huja kwako kunywa chai." Wengine wakaguna. Mwingine akapaza sauti, "Alitaka mbuzi wa mahari haraka!"

"Nasema ilikuja na muhuri," rafiki yangu akarudia. Akatia mkono ndani ya koti, akaitoa kadi nusu, nami nikauona ukingo wake. Lakini hakuwapa. Alinigeukia mimi. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu anayemngoja mwenzake amalizie sentensi.

"Karani yuko hapa," akasema. "Muulizeni yeye. Kadi zinatoka kwake zikiwaje?"

Mwenyekiti akaniuliza. Nikasimama. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na mke aliyekuwa ameanza kuniita mtu wa ofisi. Nayataja kwa kuwa ndiyo yaliyonipitia akilini, wala hayanitetei.

"Kanuni yetu," nikasema, "ni kwamba nakala hutoka ofisini kisanduku kikiwa wazi. Kamati ya kituo ndiyo hupiga muhuri."

Nikaketi. Hakuna aliyeuliza kama kanuni ilifuatwa. Rafiki yangu aliendelea kunitazama, kisha akairudisha kadi mfukoni mwa koti lake.

"Ilete tuione," mwenyekiti akasema.

"Mmemsikia karani. Mnataka nini tena?"

Akachukua kofia yake akatoka. Walimvua utunzaji wa beberu akiwa bado hajafika barabarani. Katika kumbukumbu za mkutano, nilizoandika mimi, imeandikwa kwamba alitumia muhuri wa kamati bila ruhusa.

Watu wa sokoni hawana huruma na mtu aliyejivunia. Alipopita na mbuzi wake walimwita, "Mzee, beberu wako alilipa mahari kwa nani? Kwa nafsi yake?" Mwana wake alimwoa yule msichana hatimaye, kwa mbuzi wa kienyeji waliochangwa na ndugu, lakini wakwe waliwapokea kwa baridi, na rafiki yangu hakukanyaga tena mji ule. Mjukuu alipozaliwa kule juu, kwa kuwa msichana alikwenda kujifungulia kwao, hakwenda kumwona, na mwana na mkewe, waliokuwa wakiishi mbali, hawakumleta Kiritiri. Nilisikia hayo kwa watu. Mimi sikwenda tena kwake kunywa uji. Tulipokutana Embu alinisalimu, "Karani," akapita.

Miaka ikaenda. Karibu na mwisho wa muongo ule chama kikaishiwa nguvu, ofisi ikafungwa, na mimi nikapewa kazi ya kugawa kadi za kabati lile kwa vituo vyake. Ndipo nikaishika tena kadi ya asili ya namba arobaini na saba. Muhuri wake wa zambarau ulikuwa umefifia kidogo tu. Wiki hiyo nikasikia kwamba rafiki yangu anaumwa miguu. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililonisukuma. Nilipanda gari la Kiritiri nikiwa na ile kadi mfukoni.

Nilimkuta ameketi nje akipembua ndengu. Nilisimama mbele yake, nikasema yote bila salamu: foleni, kipande, mfukoni, moto nyuma ya choo. Hakuniachia nafasi ya kuketi mpaka nilipomaliza. Kisha akaingia ndani polepole, akarudi na nakala. Akaiweka juu ya ungo kando ya kadi niliyoleta. Muhuri mmoja zambarau, mwingine mweusi, yote imeinama kidogo upande mmoja, kwa sababu ulikuwa muhuri mmoja.

"Nilijua siku ileile kanisani," akasema. "Kabla hujasimama nilijua. Mtoto wa darasa la tatu angejua wino huu si wa muhuri."

"Mbona hukuwaonyesha?"

"Ningewaonyesha, ungefukuzwa siku hiyo. Nikasema, acha aseme mwenyewe. Kisha nikasema, labda kesho." Akapuliza makapi. "Baadaye nikaona, sitampigia magoti karani anisafishe. Nami pia nina langu. Beberu alipofika niliona muhuri mweusi. Nikajua kuna kitu. Lakini nilikuwa nawataka watoto mapema, nikanyamaza. Hilo ni langu, nimelilipa. Lako hujalilipa."

Nikamuuliza anataka nifanye nini.

"Kamati haipo tena. Lakini lile lango bado lipo."

Tulikwenda Jumamosi iliyofuata. Alikuwa ametuma mtu kuwaarifu, na jibu lilirudi kwamba aliyekosa aje na mbuzi, na mbuzi huyo asiwe na faili. Nilimnunua kwa mfugaji wa bondeni, beberu mwekundu wa kienyeji, mwenye sikio lililochanika. Nilimvuta kwa kamba kupanda vilima vyote vile, yeye rafiki yangu akija nyuma kwa fimbo, akipumzika kila mwinuko.

Langoni walikuwa walewale, wamezeeka kidogo. Yule shangazi alikuwepo. Nikasimama mahali nilipokuwa nimesimama na mkoba, nikasema kwamba mzee huyu hakuiba muhuri wa mtu, kwamba muhuri ulitoka mkononi mwangu kwa uvivu, na kwamba nilipoulizwa niliwadanganya watu kwa kusema kanuni. Nilisema kwa Kiswahili kwa kuwa Kiembu changu kina Kimeru kingi, na sikutaka wanicheke nikiwa katikati.

Baba wa msichana alimwendea rafiki yangu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mkwe," akamwambia, "tumekuweka nje muda mrefu."

Mjomba alimzunguka mbuzi wangu mwekundu. "Huyu ana karatasi?"

"Hana."

"Baba yake nani?"

"Hajulikani."

"Basi ni safi," akasema, na lango zima likacheka. Nami nikacheka. Rafiki yangu hakucheka. Alikuwa anatazama mlangoni, ambapo msichana aliyeolewa na mwanawe, aliyekuja kwao kwa ajili ya siku ile, alikuwa anamleta mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi, amevalishwa viatu. Mtoto alisukumwa mbele, akasimama, akainamisha kichwa kwa babu yake kama alivyofundishwa. Babu yake akaweka mkono juu ya kile kichwa, hakuuondoa upesi.

Tuliporudi, kwenye njia panda wanapoachana mtu wa Kiritiri na wa Embu mjini, alitoa ile nakala, akaigeuza mgongo.

"Andika hapa."

"Niandike nini?"

"Kwamba muhuri huu si wa kamati yoyote. Na ni wa nani. Na jina lako."

Niliandika nikiegemeza kadi kwenye paja langu. Akaisoma mara mbili, midomo ikicheza, kama alivyokuwa akisoma kadi za mbuzi zamani. Akaitia ndani ya koti la kijivu. Nikamngoja aniite kwa lile jina alilonipa, Mmeru wangu.

"Haya, karani," akasema. "Fika salama."